Karatasi ya mhusika: mchore Zuhura ili mwingine asimbuni upya

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kisauni, nachora kwa simu kwa programu ya ibisPaint. Nina mhusika wangu niliyembuni mwenyewe, Zuhura, binti wa miaka 17, babake ni fundi wa mashua. Huvaa leso, moja kiunoni na ya pili ushungi, na mkononi ana tezo, chombo cha kuchongea mbao. Juzi nilibadilishana michoro na mchoraji mwenzangu: mimi nimchoree mhusika wake, yeye anichoree wangu. Nilimpelekea picha moja ninayoipenda, Zuhura amesimama ufuoni jua linatua. Aliyonirudishia si Zuhura. Ngozi imekuwa ya kijivu, leso ina maua ya kubahatisha, tezo imekuwa shoka. Watu wananiambia nitengeneze karatasi ya mhusika. Niweke nini, kwa vipimo gani, na je, lazima kwanza ninunue tableti?

Jibu: Marahaba, mwanangu.

Mwenzako alichora alichopewa. Picha ya machweo ina mwanga wa rangi ya chungwa upande mmoja na kivuli cha buluu upande wa pili, kwa hiyo hakuna hata sehemu moja ya ngozi ya Zuhura inayoonyesha rangi yake halisi. Mtu akichukua rangi ya shavu lililo kivulini anapata kijivu, naye atadhani ndiyo. Leso imejikunja, nakshi hazisomeki, ikambidi abuni. Tezo iko gizani, weusi mtupu, na asiyewahi kukaa karibu na mafundi wa mashua akiona mpini na chuma ataona shoka.

Karatasi ya mhusika kazi yake ni kujibu maswali ya mtu atakayeketi kumchora Zuhura nawe hupo. Asili yake ni studio za katuni, ambako mhusika mmoja huchorwa na mikono mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 studio ya Walt Disney ilikuwa na idara nzima ya kazi hiyo, ikiongozwa na Joe Grant. Shida yao ndiyo yako: mikono miwili, mtu mmoja.

Amua kabla ya kuchora

Makosa mengi ya karatasi hizi hayatoki mkononi, yanatoka kwenye jambo ambalo mwenye mhusika hakuliamua. Chukua daftari uandike orodha mbili. Ya kwanza ni ya lazima: vitu ambavyo kimoja kikikosekana, huyo si Zuhura tena. Ya pili ni ya hiari: vitu ambavyo mchoraji anaweza kuvibadilisha asiharibu kitu.

Kwa Zuhura, lazima inaweza kuwa mwanya wa meno ya juu, kipini puani upande wa kushoto wake, nywele za twende kilioni mistari minane, leso yake hiyo moja, na tezo. Hiari iwe bangili, viatu (makubadhi au miguu mitupu), na namna ushungi unavyokaa. Ukizidisha ya lazima kufika ishirini, hakuna atakayeyakumbuka. Matano hadi saba yanatosha, na yatupie jicho la ukali: kitu kisichoonekana mhusika akiwa mdogo kama kidole kwenye skrini ya simu hakifai kuwa cha kwanza katika orodha.

Halafu jaza umbo lake lote rangi nyeusi, bila mstari wa ndani, ulipunguze hadi kimo cha pikseli 150. Je, unamtambua? Vazi la leso na ushungi hufunika kiuno, shingo na nywele, kwa hiyo umbo jeusi huwa kama nguzo. Zuhura anahitaji kitu kimoja kinachojitokeza nje ya nguzo hiyo: ncha ya ushungi inayoning'inia bega moja, au tezo iliyoangikwa begani. Kimoja tu. Kiamue sasa, maana baadaye kitakulazimu ufute karatasi nzima.

Kanvasi na hesabu yake

Fungua kanvasi ya pikseli 3508 kwa 2480. Hiyo ni A4 iliyolazwa, nukta 300 kwa inchi, saizi inayochapika vizuri. Wengi watakwambia A3, pikseli 4961 kwa 3508, na kwenye kompyuta ni sawa. Kwenye simu fanya hesabu: kila pikseli hubeba baiti nne, kwa hiyo leya (tabaka moja la mchoro) iliyojaa ya A3 hula takriban MB 70 za kumbukumbu, na ya A4 takriban MB 35. Ndiyo maana ibisPaint hukupunguzia idadi ya leya kanvasi inapokuwa kubwa, na simu ya kawaida huanza kugandaganda. Tengeneza kurasa mbili za A4 badala ya moja ya A3: ya kwanza mwili mzima kwa pembe nne, ya pili kichwa, nywele, leso, tezo na rangi.

Kwa ukurasa wa kwanza, mpe Zuhura vichwa saba vya urefu. Watu wazima wa uhalisia huwa vichwa saba hadi saba na nusu. Mtoto wa miaka kumi ni kama sita. Wale wa katuni wenye vichwa vikubwa ni viwili au vitatu. Kichwa kimoja kiwe pikseli 280, mwili mzima ni 1960. Unabaki na nafasi ya juu kwa ushungi na ya chini kwa maandishi. Tuseme ana urefu wa sentimita 160: kila sentimita ni pikseli 12 na robo. Iandike hesabu hiyo pembeni, utaihitaji kwenye leso.

Chora mistari ya mlalo inayovuka ukurasa mzima: utosi, macho, kidevu, mabega, kiwiko, kiuno, nyonga, goti, kifundo, nyayo. Macho huwa katikati ya kichwa, si juu yake, kosa ambalo bado lipo kwenye michoro mingi mizuri. Nyonga ziwe karibu na nusu ya urefu wote, magoti karibu na kichwa cha tano na robo kutoka juu. Mistari hii iwe kwenye leya yake, buluu, iliyofifishwa hadi ukolezo wa asilimia 25, kisha uifunge isiguswe. Utosi upimwe bila ushungi. Andika urefu mara mbili, bila ushungi na nao, la sivyo mmoja atamfupisha ili ushungi uingie kwenye sentimita 160.

Pembe nne

Mwanzo ni mbele. Msimamishe mikono imeachana na mwili nyuzi 30 hivi, kama herufi A. Mikono iliyobana hufunika kiuno, na ile iliyonyooshwa kama msalaba huinua mabega na kula upana wa ukurasa. Pozi la kupendeza, mkono kiunoni na kichwa kimeinama, lina mahali pake kwenye picha nyingine.

Chora mwili kwanza, nguo baadaye. Hakuna haja ya kumvua: fulana inayobana na suruali fupi zinatosha kuonyesha mabega, kiuno na miguu. Leso ikishuka hadi kifundo hakuna anayejua mapaja ya Zuhura ni mazito au membamba, na siku mtu akimchora anakimbia majini kaikunja leso magotini, atakisia. Mchoro huo mdogo wa mwili, hata ukiwa na nusu ya ukubwa, uwe kwenye karatasi.

Cha pili ni mgongo. Nakili mbele, igeuze kushoto kulia, futa yote ya ndani ubakize mzingo. Mzingo wa mgongo ni ule wa mbele uliogeuzwa, kwa hiyo umeokoa nusu ya kazi. Anayesahau kugeuza ndiye utakayeona tezo imehamia mkono mwingine. Na popote utakapoandika upande, andika "kushoto kwake", maana "kushoto" peke yake kila mtu atalisoma kwa upande wake.

Cha tatu ni ubavu, na hapa ndipo karatasi nyingi huanguka. Mchoraji huchukua mbele na kuibana iwe nyembamba. Anapata mtu aliyekatwa kwenye kadibodi, hana kisogo, hana kifua, hana makalio. Kwa ubavu, kina cha kichwa kinakaribia urefu wake, ilhali kwa mbele upana ni kama thuluthi mbili hadi robo tatu za urefu. Sikio liko nyuma ya mstari wa katikati ya kichwa, kati ya nyusi na chini ya pua. Shingo haisimami wima, huinama mbele. Mgongo una mawimbi mawili: juu unatoka nyuma, kiunoni unaingia. Kisha vuta macho kwenye mistari yako ya buluu: ncha ya pua, kiwiko, kifundo, kila kimoja kiwe kimo kilekile cha mbele.

Robo tatu, yaani amegeuka kati ya mbele na ubavu, ichorwe mwisho, kwa sababu inazaliwa na pembe hizo mbili. Jicho la mbali ni jembamba kuliko la karibu, na mstari wa katikati ya kifua unahama kuelekea upande wa mbali. Ukianza nayo, kama wengi wanavyofanya kwa kuwa ndiyo pembe wanayoizoea, utalazimisha pembe nyingine zifuate makosa yake.

Mistari ichorwe kwa brashi ya pikseli 6 hadi 8 yenye unene ule ule. Brashi inayonenepa na kukonda inapendeza, lakini mtu hajui kama nene ile ni kivuli au ni ukingo wa nguo.

Leso

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndipo Zuhura wako alipopotea, na kwa sababu wachoraji wetu wa Pwani wana kitu ambacho wengine hawana, kisha wanakichora kama kitambaa chochote.

Leso ina sehemu tatu na kila mtu wa Mombasa anazijua: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina, maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Huuzwa mbili mbili, kila moja upana wa takriban mita moja na nusu na kimo cha karibu mita moja. Fungua faili jipya la pikseli 1500 kwa 1000, kila pikseli ni milimita moja. Hapo chora leso nzima ikiwa bapa, kama ilivyotandazwa juu ya meza ya duka la Biashara Street kabla haijakunjwa. Pindo mpe pikseli 120 kila upande. Nakshi buni mwenyewe. Korosho, maua na nukta ni za wote, lakini usinakili leso ya kiwanda mstari kwa mstari, kuna aliyeichora na ina mwenyewe. Jina liwe kwa herufi kubwa: MGENI NJOO MWENYEJI APONE, au maneno yako.

Sasa ivishe. Kiuno cha Zuhura kiko kama sentimita 98 kutoka ardhini, na leso ina kimo cha sentimita 100. Akijifunga bila kukunja, ataiburura. Kwa hiyo pana mkunjo wa juu wa sentimita 10 hadi 12, ambao kwenye mchoro wako ni pikseli 120 hadi 150, na upindo wa chini unaishia juu kidogo ya kifundo. Mkunjo huo ndio unaofanya kiuno kionekane kinene. Asiyeuchora hupata sketi iliyoshonwa.

Mzunguko wa nyonga zake tuseme ni sentimita 95. Mtu huishika leso nyuma, katikati ya upana kwenye uti wa mgongo, kisha huleta ncha zote mbili mbele. Kutoka katikati hadi kila ncha ni sentimita 75. Nusu ya mzunguko ni 47 na nusu. Kwa hiyo kila ncha inavuka katikati ya mbele kwa sentimita 27 hivi na kufika ubavuni. Maana yake ni hii: kwa mbele utaona mji na pindo la chini, na pindo la wima linaanguka karibu na nyonga, upande ule ambao ncha ya juu imeishia. Chagua upande huo na uuandike. Jina haliko mbele, liko nyuma, linazunguka chini ya makalio. Karatasi isiyo na mchoro wa mgongo haina jina la leso.

Na hapo pana mtego. Umegeuza mwili kushoto kulia ili upate mgongo. Leya ya leso ikigeuka nayo, maneno yanasomeka kinyume kama kwenye kioo. Nakshi za korosho nazo hugeuka zikaelekea upande mwingine, ila hizo hakuna anayeziona upesi. Weka nakshi kwenye leya yake tangu mwanzo, na mgongo uibandike upya kutoka kwenye faili la bapa. Ipinde kwa kifaa cha kukunja picha ifuate mviringo wa nyonga, halafu uchore mikunjo juu yake. Usiichore upya kwa mkono kila mara. Ukifika pembe ya tatu nakshi zitakuwa zimepungua mbili.

Leso bapa iwekwe ukurasa wa pili, nzima, bila kukatwa na kitu. Mwenzako akiipata hiyo ataibandika tu.

Kichwa na nywele

Kichwa cha pikseli 280 hakitoshi kuonyesha mwanya wala kipini. Ukurasa wa pili kichore tena kwa pikseli 700, mbele na ubavu, kisha nyuso ndogo tano au sita: ametulia, anacheka, amekasirika, ameogopa, amehuzunika, na ule uso wake wa pekee, labda anavyokaza midomo akilenga tezo kwenye ubao. Mwanya hauonekani mdomo ukifungwa, basi nyuso mbili angalau ziwe na meno. Onyesha pia nyusi zinavyokwenda, kwa kuwa wahusika wawili wenye macho sawa hutofautishwa na nyusi.

Mvue ushungi umchore nywele. Hili watu huona halina maana, "si zimefunikwa?", lakini ushungi hukaa juu ya umbo la nywele, na mtu akimchora nyumbani kwao hatakuwa nao. Mistari minane ya twende kilioni ichorwe kutoka juu, ubavuni na kisogoni: inaanzia wapi kwenye paji, inaelekea wapi, inaishia kwa mikia mirefu kiasi gani. Usiandike tu "nywele za kusuka". Kwa maneno hayo mmoja atachora rasta, mwingine mabutu, na wote watakuwa wamekutii.

Kama ana hina, chora kiganja na mgongo wa mkono mmoja kwa ukubwa, useme inaishia wapi, kwenye kifundo cha mkono au kiwiko, na kama ni hina nyekundu au piko jeusi.

Rangi

Karatasi yote ipakwe rangi tupu, bila mwanga, bila kivuli, bila upepo wa brashi laini. Kila rangi ipate mraba wake wa pikseli 150 na namba yake chini: herufi na tarakimu sita. Namba ndiyo inayookoa. Skrini ya simu yako huenda iko kwenye hali ya kupumzisha macho usiku, ambayo hugeuza vyote kuwa njano, au kwenye ile inayokoleza rangi. Ya mwenzako iko vingine. Macho yatatofautiana, namba haitofautiani.

Ngozi haitoshelezwi na mraba mmoja. Kwa msichana wa rangi ya Zuhura mfano ni huu: msingi #6B4230, kivuli #41211E, mwanga #9C6647, viganja na nyayo #B98268, kwa sababu viganja vya mtu mweusi ni vyeupe zaidi kuliko mgongo wa mkono na wachoraji husahau kila siku. Kivuli hicho hakikubahatishwa. Weka juu ya msingi leya yenye hali ya kuchanganya iitwayo Multiply, uijaze zambarau hafifu #9A7F9F, na utapata namba hiyo hiyo. Mwanga nao usiwe nyeupe iliyopunguzwa nguvu: ngozi hupauka, kama ya mtu aliyetoka kuogelea baharini asipake mafuta. Uelekeze kwenye kahawia yenye wekundu, kisha mng'ao mdogo kwenye ncha ya pua na paji uchukue rangi ya anga.

Kivuli na mwanga hivi vikae kwenye mviringo mmoja pembeni, kama mpira uliopakwa rangi ya ngozi. Visipande juu ya mwili.

Kisha jaribu kitu ambacho wengi hawakijaribu: toa rangi zote ubaki na weusi na weupe. Tuseme umeipa leso damu ya mzee, #7A1F2B. Kwa macho inang'ara mbele ya ngozi ile. Ukiitoa rangi, ngozi inakuwa kama 76 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, na leso kama 60. Ni karibu sawa. Ukimtazama kwa mbali mkono unayeyuka ndani ya nguo. Huna haja ya kuiacha damu ya mzee. Ipe pindo, mji uwe wa manjano #E0A526, ambayo inafika kama 168, na mkono utasimama peke yake.

Ukitaka kuchapisha, jua kwamba wino hauwezi kufikia buluu na kijani zile kali za skrini. Samawati ya bahari inayowaka kwenye simu hutoka imefifia kwenye karatasi. Chapisha kipande kidogo cha miraba kabla ya kulipia karatasi nzima.

Tezo

Shoka makali yake yanafuata mwelekeo wa mpini. Tezo makali yake yamekatiza mpini, kama jembe dogo. Fundi huivuta kuelekea kwake akichonga ubao. Tofauti hiyo haionekani kwa pembe moja, basi ichore mara tatu: ubavu, mbele, na ikiwa mkononi. Ile ya mkononi ndiyo inayotoa kipimo, kwa mfano mpini ni mrefu kama kutoka kiwiko chake hadi kifundo cha mkono. Chora pia inavyobebwa wakati haitumiki, na mstari mmoja wa maneno: "Tezo ya kuchonga ubao, si shoka, makali yamekatiza mpini." Pembeni mchoro mdogo wa shoka wenye alama ya kosa. Michoro ya makosa husaidia sana, na kwa Zuhura miwili inatosha: huo wa shoka, na wa leso iliyogeuka sketi.

Maandishi, kuhifadhi, na jina lako

Maandishi yawe machache na makubwa: herufi zisipungue pikseli 45 kwa kimo, fonti ya kawaida, nyeusi juu ya nyeupe. Jina, umri, urefu, orodha ya lazima, orodha ya hiari. Hadithi ya maisha yake na ugomvi wake na shangazi iwe kwenye faili lingine. Mchoraji hatafuti hayo anapotafuta kipini kiko pua gani.

Hifadhi kwa PNG. JPEG huchafua kingo za rangi tupu, vidoto vidogo vya rangi jirani vinaingia, na mtu akichukua rangi ya leso anapata namba ambayo si yako. Ukiituma kwa WhatsApp usiitume kama picha, huminywa. Itume kama hati. Na faili lenye leya zote usilifute kamwe, Zuhura atakua.

Sahihi na mwaka viwe kwenye kila ukurasa, karibu na mwili, si pembeni ambako hukatwa kirahisi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ya sanaa ni yako tangu ilipochorwa, huhitaji kuisajili ndipo iwe yako, na ulinzi hudumu maisha yako na miaka 50 baadaye. Usajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ni wa hiari, lakini hukupa cheti cha kuonyesha ukigombana na mtu. Faili lako la leya ni ushahidi pia. Kwenye karatasi andika kinachoruhusiwa: kumchora bure, au kwa ruhusa, au kutomchora kabisa kwa biashara.

Kabla ya kuitangaza, mpe karatasi mtu ambaye hajawahi kumwona Zuhura, umwombe amchore ameketi, ametazama nyuma begani. Usimweleze chochote. Kila swali atakalokuuliza liandike, kisha kila moja lipate jibu kwenye karatasi: mstari, mraba wa rangi au mchoro mdogo. Akikuuliza mawili au matatu umefanya vizuri. Akikuuliza kumi, rudi kwenye orodha yako ya lazima.

Na tableti? Hapana, si sasa. Simu uliyonayo inatosha, kwa kuwa kazi hii ni ya kunakili, kupima na kubandika zaidi ya kuchora kwa mkono huru. Washa rula ya ulinganifu ya ibisPaint unapochora mbele, uchore nusu moja nayo ikuchoree ya pili. Kisha izime kabla hujafika kwenye kipini, ncha ya ushungi na pindo la wima, la sivyo Zuhura atapata vipini viwili. Kalamu ya skrini ya bei nafuu husaidia kidole kisifunike unachochora. Vuta picha karibu unapochora, lakini kila baada ya dakika chache irudishe nzima skrini ijae, kwa sababu ukiwa karibu mno mkono mmoja huota ukawa mrefu kuliko mwenzake bila wewe kujua. Anza na leso bapa. Ndiyo sehemu isiyohitaji ujuzi wa kuchora mwili, na ukiimaliza nusu ya ukurasa wa pili imeshajaa.